Hata Wewe Uliinua Mkono

Mabawe, Ngara
Jumapili, 6 Julai 2025

Bukuru, rafiki yangu (kama neno hilo bado unalikubali),

Salamu nyingi. Sisi wazima. Jua ni kali, kahawa tunachuma, migomba inalalamika.

Nimekupigia simu mara kumi na moja. Inaita mpaka inachoka. Mara ya kumi na mbili ukanitumia ujumbe: "Niandikie barua, mpe kondakta." Barua, mwaka huu? Watoto wangu wamecheka mpaka wakakaa chini. Haya, nimenunua daftari na kalamu. Kondakta wa gari la Ngara ataishusha Lusahunga kwa Uwimana muuza chai, naye ataipandisha gari la Biharamulo. Ikipotea njiani nitajua Mungu hakutaka unijibu.

Nina swali moja, na haliniachi nikae. Kwenye tamasha la kwaya, siku ya Pentekoste, tuliharibu. Ulikuwapo, sina la kukusimulia. Wimbo nimeutunga mwenyewe, tumeufanyia mazoezi miezi mitatu, na ulipofika kule juu sauti ya Nyamizi ikakatika mbele ya kwaya tisa. Mama mzima mwenye wajukuu akachekwa. Jumapili iliyofuata kamati ikaita kikao, wakasema mwalimu ameupandisha wimbo kupita uwezo wa watu wake. Idefonsi, mwenyekiti wetu, akauliza: nani anakubali Fideli apumzike ualimu? Mikono ikapanda. Ya wengine sikuishangaa, maana wako niliowakaripia mazoezini, na wako wanaotaka kinanda kutoka mjini. Lakini nilitazama safu ya nyuma nikaona mkono wako. Uliunyoosha juu kabisa, bwana, kama mwanafunzi anayejua jibu. Hata wewe uliinua mkono.

Siku mbili baadaye ukafunga cherehani yako kwenye gari ukaenda Biharamulo, na mimi hukuniaga.

Miaka ishirini na sita, Bukuru. Kila Alhamisi sisi wanne tunalima shamba la mmoja wetu: leo kwangu, wiki ijayo kwako, kwa Nyamizi, kwa Bernardo, tunazunguka. Jua likifika utosini tunaweka majembe chini tunaimba. Hatukuanza kuwa marafiki ndipo tukalima. Tulilima na kuimba, urafiki ukatukuta humo humo shambani.

Niambie kwa nini uliinua mkono. Kama unayo sababu nitaisikiliza. Kama huna, niambie pia, nijue moja.

Nyamizi anakusalimu.

Ni mimi,
Fideli


Biharamulo
12 Julai 2025

Mwalimu Fideli,

Barua imefika salama, ila kona moja Uwimana ameiwekea birika. Nakuita mwalimu kwa sababu sijapata jina lingine la kukuita, na kamati haiwezi kunipa.

Nimepanga chumba cha uani kwa Mzee Abdulkadiri, mfanyabiashara, karibu na soko. Cherehani naiweka barazani mwa duka lake. Ni mtu mwema. Binti yake Sharifa huniletea chai asubuhi hata nisipoomba. Kazi ipo: sare za shule, kanzu, mapazia ya watu wanaojenga. Simu yangu mbovu, inakwaruza tu, ndiyo maana nilikuomba barua.

Siwezi kutulia hapa, sikufichi. Kazi ikipungua natoka nazunguka boma la Mjerumani mara mbili, mara tatu, kisha narudi kukaa, kisha natoka tena. Alhamisi ndiyo mbaya zaidi. Mikono inatafuta jembe. Alhamisi iliyopita nilishona mfuko wa suruali ya mteja upande wa ndani, ikabidi nifumue mbele yake.

Kuhusu mkono, ndugu yangu, mambo mengine hayaandikiki. Elewa tu kwamba sikuinua kwa ubaya.

Tafuteni mtu mwingine wa besi. Vijana wapo wenye vifua. Nyamizi anaendeleaje? Anaimba?

Wako,
Bukuru


Mabawe
27 Julai 2025

Bukuru,

Hukuinua kwa ubaya. Kwa hiyo uliinua kwa wema? Nimelizungusha neno lako wiki mbili, nimelala nalo, nimeamka nalo, na bado sioni mlango wake.

Sasa sikiliza la Bernardo. Juzi alikuja huko kutafuta dawa ya ng'ombe wake. Akakuona sokoni, umesimama kwenye vitambaa. Akakuita jina. Akakuita tena. Mara ya tatu alikuwa karibu nawe kama mke na mume walivyo mezani, akaita mpaka muuza vitambaa akageuka. Wewe ukalipa, ukashika njia. Bernardo ni mtu wa haya, hakukukimbilia. Amerudi hapa akaniambia, "Fideli, yule amekuwa mtu wa mji. Mwache." Na tangu siku hiyo haji tena Alhamisi. Anasema mgongo unamuuma. Mgongo ulioanza kuuma Biharamulo sokoni.

Tumebaki mimi na Nyamizi. Alhamisi hii tumechuma kahawa kwake, watu wawili, kila mmoja kwenye mstari wake. Mchana nikaanzisha wimbo kidogo, ule mwepesi. Akanikata: "Fideli, usinichokoze." Uliniuliza kama anaimba. Haimbi. Maji siku hizi anachota kisima cha mbali ili asikutane na wanawake wa huku, maana wako wanaomwomba awaonjeshe ile haleluya yake iliyokatika tamashani. Kisha wanashika mbavu.

Wengine wanasema umejiunga na kwaya kubwa huko mjini, yenye sare za kung'aa, na kwamba ulituchoka zamani ukawa unangoja sababu. Nimewakatalia. Sijui nitawakatalia mpaka lini, kwa sababu huniachii cha kuwajibu.

Nikishauza kahawa nitakuja. Nitasimama barazani hapo mbele ya cherehani yako, na hilo swali nitaliuliza kwa mdomo.

Fideli


Biharamulo
2 Agosti 2025

Fideli,

Nakuomba usije.

Bernardo sikumwona, naapa. Mwambie hivyo, aamini asiamini. Sina kwaya yoyote. Sijaingia kanisani hata kwenye benchi la nyuma tangu nifike.

Mwambie Nyamizi kwamba... Hapana, usimwambie kitu, nitamwandikia mwenyewe.

Usije, tafadhali.

Bukuru


Biharamulo
18 Agosti 2025

Kwa Baba Fideli, Mabawe,

Shikamoo baba. Mimi ni Sharifa binti Abdulkadiri. Barua uliyomwandikia baba yangu, ya kumuuliza kama mzee Bukuru anaumwa au ana kiburi tu, imefika. Macho ya baba siku hizi hayashiki maandishi, mimi ndiye msomaji wake, na ameniambia nijibu yote bila kuficha.

Kiburi hana, baba yangu. Angekuwa nacho tungemfukuza, maana kwetu hatukiwezi. Labda watu wamedhani ni kiburi kwa sababu ya masikio. Mwenyewe alituambia nyumbani kwenu wote mnajua kwamba hasikii, ndiyo maana hapigiwi simu. Lakini kwa jinsi barua yako inavyouliza, nimeona niseme kama ilivyo. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kabla hajafika kwetu. La kulia hushika kidogo ukimsogelea na kupaza sauti, na siku nyingine halishiki kabisa. Mwezi uliopita nilimsindikiza hospitali. Daktari alimpima, akatuandikia kwenye karatasi kwamba shida ni mishipa ya ndani na kurudi haitarudi. Mzee Bukuru aliikunja ile karatasi akaitia kwenye kopo la vifungo.

Sasa tumezoea. Wateja wanamwandikia kwa chaki ya ushonaji juu ya meza: urefu, rangi, siku ya kuchukua. Ukija kumtembelea, usibishe hodi, utakesha. Pita mbele yake akuone.

Kitu kimoja kinatuchekesha na kutusikitisha pamoja. Huwa anaimba akishona, hasa siku ya Alhamisi, sijui kwa nini Alhamisi. Samahani baba, anaimba vibaya. Anaanzia chini, anapanda, anapotea, anajirudi. Wapita njia wakicheka baba yangu huwafukuza kwa fimbo yake ya mkwaju. Mwenyewe hajui kama kuna mtu anayemcheka.

Hatumsumbui, ana heshima zake, kodi analipa, na mama anampenda kwa jinsi alivyomrekebishia gauni la harusi ya wifi yangu. Lakini roho yake haiko hapa. Hutembea sana.

Baba anakusalimu. Mkija karibuni, chumba cha wageni kipo.

Binti yenu,
Sharifa


Mabawe
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Bukuru, mjinga wangu,

Hukusikia swali.

Nimeipata barua ya Sharifa leo asubuhi, nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani, na ilipofika mahali pa masikio nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Hukusikia Idefonsi ameuliza nini. Uliona mikono inapanda mbele yako, ukapandisha na wako usije ukaonekana umelala. Ndiyo maana uliunyoosha vile. Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuniangalia. Kisha nikalia kidogo. Nimeona nikuambie na hilo.

Miezi miwili nimekutukana moyoni. Nimekutukana nikichuma kahawa, nikioga, hata nikiwa katika sala. Na wewe ulikuwa unabeba mzigo huo peke yako kama mwizi. Kwa nini hukusema? Ungesema "jamani masikio yangu yamechoka," nani angekufukuza? Mimi nina goti linalolia kama mlango, Bernardo hana meno ya mbele, na tumeimba.

Jioni hii nimekwenda kwa Bernardo. Nilipomwambia alifunika uso kwa kofia. "Nilimwita nyuma ya mgongo," akasema. "Ningezunguka mbele." Wiki ijayo atakuja shambani, mgongo umepona ghafla.

Kwa hiyo hakuna hata cha kusamehe, lakini ukitaka, chukua: nimekusamehe yote. Funga cherehani urudi. Mambo ya kamati tuachie wenyewe, kwaya wachukue na kinanda chao. Sisi wanne tunarudi shambani kama kwanza.

Rafiki yako,
Fideli


Biharamulo
30 Agosti 2025

Fideli,

Usinisamehe haraka. Hujamaliza kusikia.

Ya mkono ni kama ulivyosema. Sikusikia swali. Nilijua nimepiga kura gani pale nilipokuona unasimama kumkabidhi Idefonsi faili la nota. Ningeweza kupiga kelele palepale kwamba sikusikia. Sikupiga, na hii ndiyo sababu.

Doh ilikuwa yangu.

Unakumbuka tunavyofanya, hatuna kinanda, mimi ndiye natoa doh, ile sauti ya kuanzia wimbo, kwa koo langu na ninyi wote mnajenga juu yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunipima. Sikio la kushoto lilipoanza kufa, miaka miwili iliyopita, nikatafuta njia. Naguna taratibu, naweka kidole kwenye taya, nausikiliza mfupa. Kule kwetu kanisani, palipo kimya, ilifanya kazi. Siku ya tamasha ile kwaya iliyotutangulia ilikuwa na spika kubwa. Walipomaliza, kichwa changu kizima kilikuwa kinavuma. Nikaguna, nikashika taya, sikupata kitu. Na wewe umeshanyanyua mikono unaningoja. Nikatoa doh kama mtu anayetia uzi kwenye sindano gizani.

Ilikuwa juu sana. Nililijua hilo kwenye mstari wa pili, si kwa kusikia, kwa kumwona Nyamizi. Alinyanyua kidevu mahali ambapo hanyanyui. Akanitupia jicho. Nikatazama viatu vyangu.

Fideli, wewe mwenyewe ndiye uliyetuwekea ile sheria: yeyote akiona wimbo umeanza vibaya anainua mkono, tunasimama, tunaanza upya, na hakuna aibu. Nilikuwa na beti mbili nzima za kuinua mkono kabla ya kufika kule juu. Mkono huo sikuuinua. Nilifikiri: tukisimama watauliza, wakiuliza watajua, na kiziwi ana nafasi gani kati ya watu wanne wanaoimba? Nikaona heri wimbo ufe, mimi nibaki. Basi Nyamizi akachekwa, wewe ukavuliwa kazi unayoipenda, na mimi kubaki sikubaki.

Lile la kutosikia ni ugonjwa. Hili si ugonjwa.

Wasomee na wenzangu. Nilisema nitamwandikia Nyamizi, nimeanza mara sita. Yeye ndiye ninayemwogopa zaidi.

Bukuru


Biharamulo
14 Septemba 2025

Fideli,

Wiki mbili. Nimemtuma Sharifa stendi mara tatu kuuliza makondakta. Nimepeleka neno Lusahunga, Uwimana anasema barua yangu ilipita kwake siku ileile na yako ya kurudi hajaiona.

Sishoni vizuri. Juzi nimekata kitambaa cha mtu kwa kipimo cha mtu mwingine. Mzee Abdulkadiri ameniandikia kwa chaki, "Pumzika." Nimejaribu. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kutembea, nikitembea nafika mahali magari ya Lusahunga yanapojaza abiria, nasimama hapo nikihesabu yanayoondoka.

Kama ni matusi, niandikie hayohayo.

Bukuru


Mabawe
Jumapili, 28 Septemba 2025

Bukuru,

Barua yako nilikuwa nayo. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza yalitoka maneno ambayo nisingeweza kuyarudisha. Nimechana kurasa saba.

Niliwasomea, kama ulivyosema. Tulikuwa kwa Nyamizi, tunapura maharage ya bondeni. Nilipofika pale pa doh, Bernardo aliacha kupura. Nyamizi hakuacha. Alipiga yale maganda mpaka mwisho wa barua, kisha akaweka fimbo chini akasema, "Nilijua iko juu. Nilidhani ni mimi nimezeeka." Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli, Bukuru. Si kwa ajili ya ualimu. Miezi mitatu mwanamke huyu ameamini sauti yake imekwisha, anachota maji ya mbali, na wewe ulikuwa na neno moja la kumponya na umelikalia kwenye baraza la watu.

Alilia. Alipomaliza kulia alikwenda kwa Idefonsi, peke yake, hakutaka nimsindikize. Sijui alimwambia nini kwa sauti gani, lakini kamati imeniita Jumapili hii na kunirudishia faili. Nimelipokea. Nilitaka kujifanya mgumu kidogo, wanibembeleze, nikashindwa. Naipenda kazi ile.

Na mimi nina langu la kusema, nisije nikajifanya malaika. Niliisikia ile doh. Nilisikia iko juu. Mimi ni mwalimu, ningeweza kushusha mikono nikaomba doh nyingine. Lakini ilikuwa imetoka kwako, na miaka ishirini na sita sijawahi kuishuku doh yako, kwa hiyo nikalishuku sikio langu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Sijakusamehe. Jana mchana nilikuwa nimekusamehe, leo asubuhi nimeamka sijakusamehe. Nadhani itakuwa hivyo kwa muda. Yale ya Agosti niliyatoa bei ya chee kabla sijajua nauza nini. Lakini kukukasirikia kwa mbali kunanichosha, rafiki yangu. Nakwenda shambani nikigombana na mtu asiyekuwapo, narudi nyumbani nikigombana naye, mke wangu amenihamishia kitanda. Njoo nikukasirikie karibu.

Mvua imeanza. Alhamisi tunapanda kwa Bernardo, kwenye kile kipande cha juu. Doh atatoa Nyamizi, amekwisha sema mwenyewe na hakuna aliyebisha. Wewe utasimama ubavuni kwangu nikupigie mapigo begani. Ukipotea tutasimama tuanze upya, mara ngapi sijui, shamba la Bernardo halina kamati. Na kama baada ya kujaribu utaona huwezi kuimba tena, basi utapanda na sisi na wakati wa kuimba utakaa hapo kwenye majani ututazame. Hilo si la kusikitikia. Wewe ni wa Alhamisi. Kuimba ni sehemu yake tu.

Maneno usije nayo, tumeandikiana ya kutosha. Njoo saa moja asubuhi, kabla udongo haujakauka.

Nyamizi hajaniambia nikusalimu. Ameniuliza tu, jana, akiwa amepiga magoti mbele ya kapu la mbegu, kama apime za watu watatu au wanne.

Nimemwambia apime za wanne.

Fideli